Kukadiria umeme wa jua wa saa chache zijazo katika mradi mdogo wa jamii

Swali hili limejirudia mno, nami nimeona heri niandike jibu lote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya 1. Kusanya kumbukumbu za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumiwa na wateja), walau kila dakika 15, pamoja na kiwango cha chaji ya betri na matumizi ya wateja.

Hatua ya 2. Linganisha saa za vifaa vyote, kisha hakikisha unajua iwapo wastani wa kila kipindi umeandikwa kwa saa ya mwanzo au ya mwisho wa kipindi hicho.

Hatua ya 3. Ondoa vipindi ambavyo uzalishaji ulibanwa. Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibikia, kwa sababu inveta haiandiki jua lilitoa nini, bali inaandika kile ambacho mfumo ulikubali kupokea. Betri zikishajaa na wateja wakawa wanatumia kidogo, uzalishaji hushushwa hata kama anga ni jeupe kabisa, na programu utakayoifunza kwa data hiyo itaamini kuwa kila adhuhuri mawingu hutanda. Usitegemee kuondoa mistari yenye chaji ya asilimia 100 pekee: kwa betri za risasi na asidi, chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti uchajiji wa betri) huanza kupunguza mkondo zikiwa zimefika takribani asilimia 80. Dalili ya kuaminika ni mchoro wa uzalishaji unaopanda na kushuka pamoja na matumizi badala ya kulifuata jua. Ukiweza kuongeza kihisi kimoja cha mionzi, kilichoinamishwa sawa na paneli, hutahangaika tena na jambo hili.

Hatua ya 4. Gawanya uzalishaji halisi kwa ule ambao ungepatikana anga likiwa safi. Tuseme saa sita mchana paneli zinatoa kilowati 12 ilhali anga safi lingetoa 16; uwiano ni 0.75. Ikiwa saa moja baadaye anga safi lingetoa 14, kadirio lako ni 10.5. Haya ndiyo makadirio ya mwendelezo, yaani kuchukulia kwamba anga litabaki kama lilivyo sasa, na njia yoyote ya kifahari isiyoyashinda haistahili gharama yake.

Hatua ya 5. Chagua chanzo cha taarifa kulingana na muda: kamera ya anga kwa dakika 30 hivi za mbele, picha za setilaiti kwa saa chache, na modeli za hali ya hewa kuanzia takribani saa 6.

Hatua ya 6. Pima makosa kwa saa za mchana tu. Sifuri za usiku humpamba kila mtabiri.

Maswali ya wanachama

Swali: Naomba jina la programu ya kupakua inayotoa jibu moja kwa moja.
Jibu: Rudi hatua ya 3. Hakuna programu itakayokusafishia data usiyoijua.

Swali: Nimefuata hatua zote, lakini makadirio bado ni mabaya.
Jibu: Mabaya kwa kiasi gani, na ukiyalinganisha na nini? Bila tarakimu siwezi kukusaidia, ndugu.

Swali: Mwalimu, siku za mawingu yaliyotawanyika uwiano wangu hupita 1 kwa dakika chache. Je, kihisi kimeharibika?
Jibu: La, na umefanya vyema kutoifuta data hiyo. Kingo za wingu lililo karibu na jua huongeza mwanga juu ya ule unaofika moja kwa moja, hivyo mionzi huweza kupita wati 1,000 kwa mita mraba, hata ikazidi kiwango cha anga safi. Zaidi ya hayo, paneli iliyopoa kivulini hufanya kazi vizuri kuliko iliyochemka: ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi ya Selsiasi juu ya 25, kwa hiyo ikifika nyuzi 60 umeshapoteza kama asilimia 14. Weka kihisi cha joto nyuma ya paneli, kisha ingiza marekebisho hayo katika hatua ya 4.

Swali: Kwangu, uwiano wa siku za anga safi unashuka polepole wiki hadi wiki.
Jibu: Shuku vumbi kwanza. Mvua kubwa ikinyesha na uwiano ukarudi juu, umepata uhakika, na tangu hapo mchoro huohuo utakuonyesha wakati wa kuosha. Oshea alfajiri, kwani maji baridi juu ya kioo chenye joto kali yanaweza kukipasua.