Kuweka Taimingi ya Honda C50 ya Zamani Yenye Platini

Kwenye Honda C50 ya volti 6, sahani ya magneti, inayobeba platini, haizungushwi kushoto na kulia kutafuta taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, tofauti na pikipiki nyingine za umri wake. Sahani imefungwa mahali pamoja, na kinachobaki mkononi mwa fundi ni mwanya wa platini, viguso viwili ambavyo vikiachana plagi hutoa cheche: ukiongezeka, platini hufunguka mapema na cheche hutangulia, ukipungua, cheche huchelewa, injini hupata moto na nguvu hupotea mlimani.

Anza kazi injini ikiwa imepoa. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi, ondoa pedeli ya gia, kisha fungua kifuniko cha kushoto. Skrubu zake hukwama mno; tafuta bisibisi inayokaa vizuri kichwani na uigonge kitako kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha, la sivyo utaharibu vichwa vyake na kazi ya nusu saa itakula siku nzima.

Zungusha gurudumu la magneti kinyume na mshale wa saa mpaka platini zionekane kwenye dirisha lake zikiwa zimeachana kabisa. Zikiwa na madoa madogo, zisugue kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi kuondoa vumbi. Zikiwa na mashimo, zibadilishe. Platini mpya zikiungua tena upesi, kagua kondensa, kifaa kinachopunguza cheche kwenye platini zenyewe.

Sasa ingiza fila geji, yaani bamba jembamba la kupimia mwanya. Mwanya unaotakiwa ni milimita 0.3 hadi 0.4, nami huanzia 0.35. Legeza skrubu ya platini, sogeza kwa ncha ya bisibisi, kaza, halafu pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza platini.

Baada ya hapo bana karatasi nyembamba ya sigara katikati ya platini zilizofungika, ivute taratibu sana huku ukizungusha gurudumu kuelekea upande uleule. Karatasi inapaswa kuachiwa pale alama ya F iliyo kwenye gurudumu, inayoonyesha wakati wa cheche, inapolingana na alama ya kwenye bodi ya injini. Usiichanganye na T, ambayo hufuata baadaye na kuonyesha pistoni ikiwa kileleni. Ikiachiwa kabla F haijafika, punguza mwanya, ikichelewa, uongeze. Huna haja ya kutafuta mzunguko wa mgandamizo, kwa sababu kemu, yaani nundu inayosukuma platini, huzunguka pamoja na gurudumu na hufungua platini kila mzunguko. Wanaopenda kutumia balbu na betri wajue kwamba koili ya magneti hupitisha umeme hata platini zikiwa wazi, hivyo balbu hufifia tu badala ya kuzimika. Ikiwa F hailingani mpaka mwanya utoke nje ya vipimo hivyo, platini zimechakaa.

Kuna kasoro moja ambayo karatasi haitaigundua. Mzee mmoja alileta karakanani kwangu hapa Moshi C50 iliyokuwa ikichoka kila inapopanda Marangu, ingawa F ililingana barabara. Kwa kuwa kemu na alama zote ziko kwenye gurudumu, kii yake, kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia mahali pake, ikikatika gurudumu huhama kwenye shafti huku alama zikiendelea kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Nilipitisha mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi nikagusa pistoni, nikaona imefika kileleni kabla ya T kufika kwenye alama yake. Kagua hivyo kila unapopokea pikipiki iliyopita mikononi mwa wengi, na ukitoa gurudumu tumia kivutio chake, si nyundo.

Watu wa Arusha, walio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushawishika kutanguliza cheche kupita F ili kufidia hewa nyepesi. Sishauri: nguvu kidogo hupotea kwa sababu ya mwinuko wenyewe, na cheche ya mapema mno hurudisha kiki kwa nguvu inayoweza kuumiza mguu.

Malizia kwa kupaka tone la grisi kwenye kisigino cha platini, sehemu inayosuguana na kemu, lisigusane na nyuso zake, na baada ya kilomita mia chache pima mwanya tena, kwa kuwa kisigino kipya hulika upesi mwanzoni.