Laptopu ya zamani na intaneti ya dayalapu: anza na laini, Windows baadaye

Dayalapu ni intaneti inayopigwa kupitia laini ya simu ya mezani. Kabla hujagusa setingi yoyote, chukua simu ya kawaida ya mezani, ichomeke kwenye soketi ileile ya ukutani unayotaka kuitumia, halafu sikiliza. Mlio ukija safi bila mikwaruzo endelea, ila ukisikia inakwaruza au kimya kabisa basi malizana na laini kwanza, modemu, yaani kile kifaa kinachoiunganisha laptopu na laini ya simu, haiwezi kufanya muujiza hapo. Nasisitiza hili maana watu wanakesha wanafuta draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, na kuweka upya kumbe shida iko kwenye waya. Laini ikiwa na DSL pia, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye waya huohuo wa simu, weka filta, kile kidude cha kuitenganisha na simu. Ikiwa ni simu inayopita kwenye rauta, yaani VoIP, jua kwamba sauti inabanwa njiani na modemu inaweza kukatikakatika. Na tafadhali usichomeke kwenye laini za kidijitali za ofisini, zile za switchibodi, zinaweza kuunguza modemu kabisa.

Sasa geuza laptopu uangalie matundu. La simu ni RJ-11, dogo. Lile pana kidogo lenye pini 8 ni la mtandao wa kebo, waya wa simu unaingia humo ila haufanyi chochote, na wengi wananaswa hapa. Kama tundu dogo halipo, tafuta modemu ya USB, au kadi ya PCMCIA kama laptopu ina nafasi yake pembeni. Ila usinunue kabla hujahakikisha kuna draiva ya Windows yako, maana modemu nyingi za ndani na za USB ni nusu modemu tu, kazi kubwa inafanywa na programu, bila draiva sahihi hamna kitu. Modemu ya nje ya siriali, ile inayochomekwa kwenye tundu la zamani la pini 9, haina usumbufu huo, mimi ningechagua hiyo kama laptopu ina tundu lake.

Kwenye Windows XP ingia Control Panel, Phone and Modem Options, chagua modemu, bonyeza Properties, nenda Diagnostics ubonyeze Query Modem. Ikijibu mistari ya amri na majibu, basi laptopu na modemu zinaelewana, na hapo ndipo utengeneze koneksheni mpya kwa kuweka namba ya kupiga, jina na paswedi ulivyopewa na kampuni ya intaneti. Kama lazima upige 9 kwanza kupata laini ya nje andika 9 halafu koma, ile koma inaifanya modemu isubiri kidogo, kwa kawaida sekunde 2, kabla ya kuendelea na namba.

Piga, na uache spika ya modemu iwe wazi, usiizime. Utasikia mlio wa laini, namba zinapigwa, halafu zile kelele, ni modemu mbili zinakubaliana spidi. Ikikwama, kosa 680 maana yake haijasikia mlio wa laini, na kama wewe kwa simu unausikia vizuri weka X3 kwenye amri za ziada za modemu ili isiusubiri. 678 upande wa pili haujajibu, angalia namba. 691 ni jina au paswedi, andika upya taratibu. Ikishika halafu ikakatika, ulizia kama laini ina huduma ya kukujulisha simu nyingine inapoingia, ule mlio wake unaikata, izime.

Spidi usitegemee makubwa, 56k ndiyo kilele cha kupokea, sawa na kilobaiti 7 kwa sekunde, na mara nyingi inakuja chini ya hapo, kwa hiyo faili la megabaiti 1 linakula dakika 3 au zaidi. Zima picha kwenye brauza, zima apdeti za kujiendesha, washa faya-woli kabla ya kupiga. Tovuti zikigoma angalia tarehe ya laptopu, betri ndogo ya bodi ikifa saa inarudi miaka ya nyuma na vyeti vya usalama vinakataliwa. Tarehe ikiwa sawa na bado zinagoma, brauza ndiyo imezeeka, Internet Explorer 8 ya XP haijui TLS 1.2, njia ya kulinda mawasiliano kwa siri inayodaiwa na tovuti nyingi sasa. Weka brauza mpya zaidi inayokubali XP, uidownlodi kwenye kompyuta nyingine uilete kwa flashi. Na ukimaliza kata koneksheni, kufunga brauza tu hakuachii laini, anayepiga simu atakuta iko bize.