Somo: kubadilisha boksi la fyuzi za zamani kwenye nyumba ya shamba

Kila wiki natumiwa picha ileile: boksi la fyuzi za kauri, limeungua pembeni, na chini yake swali, "Fundi, nianzie wapi?" Nyumba zenyewe nyingi ziko huku Kilifi: Ganda, Kakuyuni, Mambrui, Marafa. Zimeezekwa makuti, na mwenyewe huja mwisho wa mwezi tu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Anzia hapa.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mwenye nyumba, soma ili ujue unalipia nini. Mita na sili yake ni mali ya Kenya Power, usiikate. Waombe wakuzimie upande wa mita, kwa sababu hata ukizima meni swichi, nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina umeme.

1. Piga picha boksi la zamani kabla hujagusa kitu.

2. Pima kama umeme umezimika kweli. Jaribu kipimo chako kwanza mahali penye umeme, pima boksi, halafu rudi ukakijaribu tena pale pa kwanza. Testa ya bisibisi haitoshi.

3. Bandika alama kwenye kila waya: unakwenda jikoni, pampu, taa za baraza. Nyumba za zamani zina nyekundu ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyeusi ya nyutro (unaourudisha), mpya zina kahawia na buluu. Usiamini rangi, pima.

4. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko. La chuma huliwa na chumvi ya hewa ya bahari.

5. Chagua breka, swichi inayojizima (inaruka) ampea zikizidi, kwa unene wa waya. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 unaokwenda soketi bila kurudi kwenye boksi, 20. Waya wa 6, 32.

6. Kukaza nyaya. Hapa niliharibu mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilibadilisha boksi kwenye nyumba ya makuti upande wa Mambrui. Waya mkuu wa nyutro niliuchuna kidogo mno, skrubu ikabana plastiki badala ya shaba. Taa ziliwaka, pampu ikazunguka, nikalipwa nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye mlinzi akanipigia: boksi linanuka kama samaki aliyeoza. Nilipofungua, plastiki ilikuwa imelainika kama nta, basba (kipande cha shaba kinachokusanya nyaya) nyeusi tititi, na kutoka hapo hadi ncha ya makuti haikufika dhiraa moja. Mlinzi alikuwa akilala chini ya makuti yale.

Breka haikuruka, na haingeruka. Muungano uliolegea hauongezi ampea, unaongeza joto. Kwa hiyo: chuna waya wa kutosha, uzamishe hadi mwisho, kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka au karatasi yake, kisha uvute kwa mkono. Waya ukitoka, kaza tena. Shaba iliyoshika ukijani wa chumvi ikate, uchune upya, usiikwangue ukairudisha. Na harufu ya samaki karibu na boksi usiipuuze hata siku moja.

7. Weka RCD, swichi inayozima umeme unapovuja, ya miliampea 30. Bonyeza kitufe chake cha T. Isipozima, irudishe dukani.

Maswali

*Breka ya 20 inaruka nikiwasha shawa ya maji moto. Niweke 40?*
Hapana. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23. Soma namba 5.

*Lakini jirani ameweka 40 na haina shida.*
Waya wa jirani sijauona. Wako wa 2.5 ukiwekewa breka ya 40, utaungua ukutani kabla breka haijaruka. Vuta waya wa 6 kwa ajili ya shawa peke yake.

*Samahani fundi, huku Marafa ardhi ni kavu sana. Fimbo ya athi, ile ya chuma inayopigiliwa ardhini kupitisha umeme unaovuja, inafanya kazi kweli?*
Swali zuri sana, dada. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme upinzani wa fimbo yako ni omu 100: hitilafu ikitokea, 240 gawa kwa 100 ni ampea 2.4. Breka ya 32 haitahisi kitu, na bati la friji litabaki na umeme. RCD ya namba 7 itazima kwa miliampea 30. Ndiyo maana huko kwenu RCD si hiari. Unganisha fimbo mbili, uzitenganishe angalau kwa urefu wa moja, uzipigilie chini kadiri zinavyoweza kwenda, na mwambie fundi apime wakati wa kiangazi, si baada ya mvua.

*RCD yangu inazima nikiwasha taa moja tu ya baraza.*
Nyutro ya taa hiyo imefungwa kwenye basba ya upande usiopita RCD. Ihamishe. Ikiendelea kuzima, fungua taa yenyewe, huenda imeingia maji.

*Jenereta naichomeka kwenye soketi tu, inawasha nyumba nzima. Ni sawa?*
Acha leo. Umeme wako unarudi hadi kwenye nguzo, na fundi aliye juu ya nguzo anadhani laini imezimwa. Funga swichi ya kubadilishia kati ya Kenya Power na jenereta, yenye kukata laivu na nyutro pamoja.

*Mijusi na chungu wanaingia ndani ya boksi, dawa gani?*
Usipulize dawa humo. Ziba matundu: kila waya upite kwenye glendi, kifungo cha tundu la waya chenye kipira ndani, na tundu lisilotumika liwekewe kizibo chake. Glendi za milimita 20 zinatosha nyaya nyingi za nyumbani. Wa shawa upime kwanza.