Jinsi ya kuilinda Kigoma kwa kuni, karabai na mizinga ya Tabora

Huu ni mchezo wa kuchezea mkekani, na ubao wake tunautengeneza hivi: chukua mfuko wa saruji uliokwisha kazi, upasue ubavuni, kisha upande wa ndani uwe juu. Ukung'ute kweli kweli, tena nje ya nyumba, maana vumbi lile likibaki mtapiga chafya mpaka wavamizi waingie bandarini. Chora kwa mkaa. Kushoto ziwa, jembamba na refu kama muhogo. Kulia reli: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, Tabora. Kata ziwa na reli kwa mistari, kila hatua iwe upana wa vidole vinne.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Mwanga, hapa Kigoma. Mchezo huu niliwatungia wapwa zangu watatu likizo ya Juni, umeme unakatika kila jioni na simu zimezima. Vitu vingine mnavyo nyumbani: vizibo vya soda 40 (wavamizi), kikombe cha maharage (kuni), punje za mahindi (maji), dadu moja ya ludo, na kikombe kidogo kwa kila mchezaji. Kikombe hicho ndicho boila, tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke.

Hadithi ianzie kwenye ukweli, kwa sababu ukweli wa hapa kwetu wenyewe unatosha kumshangaza mtu. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makreti yanayotajwa kuwa 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma. Hapa ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakashindwa kuishikilia Kigoma. Mafundi wao wakazipaka injini grisi nene, kisha wakaizamisha meli kwa mikono yao wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, mitambo bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Angetunga mtu hivyo, tungemwambia amezidisha chumvi.

Sasa pindisha historia. Usiku wa 26 Julai 1916, mafundi wameshika ndoo za grisi, kitu kinaanguka kwenye milima ya Kongo, ng'ambo. Kinatoa moshi asubuhi, na jioni kinatembea. Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza wanajikuta upande mmoja bila kupenda. Kwenye mchezo wetu maofisa hao hawana kikombe. Wapo tu pembeni wanafoka. Wanaocheza ni mtia kuni wa meli, fundi wa treni, mvuvi wa Kibirizi na mrina asali wa Tabora. Mkiwa watatu, mvuvi na mrina asali wachezwe na mtu mmoja.

Usiwaache wavamizi waje kuua tu, watachosha. Wape haja. Wa kwetu wanataka maji, kwa sababu mitambo yao nayo ni ya mvuke na ina kiu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ukiacha barafu, karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyo juu ya ardhi duniani imo humu. Ningekuwa mvamizi, hata mimi ningeanzia hapa. Kila zamu vizibo viwili vinaingia kutoka Kongo, na kila kimoja kinasogea hatua moja. Kikisimama ziwani kinakunywa: kiwekee punje moja kwa zamu. Punje zikifika tano, amejaa na anapaa. Wakipaa watano, mmeshindwa. Vizibo vikiisha kabla ya hapo, mmeshinda.

Haya, boila. Hapa ndipo nilipokosea usiku wa kwanza. Niliiruhusu meli iende popote muda wowote, na mchezo ukaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mpwa wangu wa kati akaniangalia. "Mjomba, hii ni ludo tu, umeitia moshi."

Alikuwa sahihi. Boila haliwashwi kama bodaboda. Linakula kuni masaa kabla ya gurudumu kuzunguka, na likishapata moto huwezi kuliambia lisubiri. Kwa hiyo: kila zamu unatia maharage mpaka matatu kikombeni. Chini ya matano huendi kokote. Kila hatua inakula harage moja, kufyatua mzinga wa meli kunakula mawili, na dadu ikitoa nne kwenda juu mvamizi ameanguka. Maharage yakizidi tisa, rusha dadu. Ukipata moja au mbili boila limepasuka, umetoka, na aliye hatua moja karibu nawe mmetoka naye. Kujiokoa kupo: kabla hujarusha, fungua valvu ya usalama, yaani mwaga maharage yabaki manne, na ni lazima useme "psiiii" kwa sauti. Asiyesema, valvu yake imeganda.

Sheria hiyo sikuitoa hewani. Miaka mingi nyuma mteja mmoja alinipa kazi ya pipa la kuchemshia chikichi kwa mvuke. Nikamtajia bei ya valvu, akasema tuiache, kifuniko kitatosha. Nami nikaiacha, njaa ina ushawishi. Siku ya kujaribu, mshono wangu haukufumuka hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa balaa: presha ilipokosa pa kutokea, kifuniko kiling'oka na bawaba zake, kikatoboa bati la paa, tukakisikia kinaanguka kwa jirani. Hakuna aliyekufa. Mkono wangu wa kushoto hauoti nywele kuanzia kiwiko kwenda chini. Wapwa wakibisha kuhusu valvu, ninakunja shati tu.

Treni ni rahisi zaidi, ila ikijaza maji Uvinza inapoteza maharage mawili. Kule kuna chumvi, na boila halipatani na chumvi.

Mvuvi hana boila. Ana mawe matatu, ndiyo karabai zake. Akiweka jiwe ziwani, kila mvamizi aliye ndani ya hatua tatu anaacha kunywa, anaifuata taa kama dagaa. Ukizipanga vizuri unawapeleka mbele ya mdomo wa mzinga mmoja mmoja. Lakini kila zamu ya tano ni mbalamwezi na karabai hazifanyi kazi. Muulize yeyote Kibirizi: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki, watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu.

Halafu Tabora. Mara ya kwanza nilitangaza, "Treni inakuja na mizinga kumi kutoka Tabora!" Wakashangilia, wakatumia kuni zao zote kuilinda njia nzima, kama kilomita 400 za miyombo na mabwawa. Ilipofika Kigoma nikafungua behewa: nyuki.

"Mjomba, umetudanganya," akasema mkubwa.

"Mimi nimesema mizinga. Baruti umeisikia wewe."

Hata hivyo usiidharau. Mzinga mmoja wa nyuki ukiwekwa kwenye hatua yenye wavamizi unawaondoa wote waliopo, maana nyuki wanaingia kwenye matundu ya hewa na mitambo inakabwa. Sharti ni moja: hatua ya jirani kusiwe na boila lenye moto. Mrina asali anawapoza nyuki kwa moshi, na bomba la meli halijui nani rafiki. Meli ikiwa karibu, nyuki wanalala.

Sharti hilo lilitufikisha kwenye sheria ya mwisho. Wavamizi wanne walikuwa wamekwisha kupaa. Sita wamejazana mbele ya bandari, watatu wana punje nne nne, na Goetzen imekwama katikati yao, kikombe kina maharage manane. Mizinga iko tayari ufukweni, lakini moshi wa meli ndio huo. Mpwa wangu mdogo, mwenye meli, akakaa kimya. Kisha akauliza, "Mjomba, ile grisi bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Akamimina maharage yote mkekani na kuilaza meli ubavu.

Basi iandikeni hivi: mtia kuni anaweza kuizamisha meli yake kwa hiari, moto unazimika hapo hapo, na meli inarudi baada ya zamu nane, kama miaka minane ya kweli toka kuzamishwa 1916 hadi Waingereza walipoiibua 1924. Nyuki walimaliza wote sita. Yeye akakaa zamu nane akihesabu kwa vidole, na ya tisa ilipofika akanyoosha mkono kudai kikombe chake.