Somo: Laini ikijikata, nani anabeba mzigo wake?

Habari za kazi, ndugu zangu. Kupima hatari ya laini ya umeme kujikata, yaani kujizima yenyewe kwa hitilafu, kwenye gridi ya taifa watu wengi hukugeuza kuwa kazi ya kujaza majedwali. Mimi naomba tuanze na hilo swali la kichwa cha somo, maana hapo ndipo gridi huanguka.

Hatua ya 1: Data. Kwa kila laini tafuta urefu, riaktansi (kiasi laini inavyouzuia umeme kupita, kwa omu), uwezo wa kawaida (mzigo inaoubeba muda wote), uwezo wa dharura (mzigo inaoubeba kwa muda mfupi), na daftari la hitilafu la miaka mitano au zaidi. Uwezo usiuchukue kwenye waya peke yake. Niliwahi kukuta laini yenye waya mnene kabisa, kumbe kinachoibana ni transfoma ya kupimia mkondo, kifaa kidogo cha vipimo pale kituoni. Kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho uwezo wa laini nzima.

Hatua ya 2: Uwezekano. Laini ya kilometa 150 iliyojikata mara 6 ndani ya miaka 5 ina hitilafu 0.8 kwa kila kilometa 100 kwa mwaka. Zile zilizojirudisha papo hapo zihesabu kando na zile zilizokaa nje kwa saa kadhaa. Saketi mbili, yaani laini mbili, zilizo kwenye mnara mmoja zichukulie kama zinaweza kuondoka pamoja.

Hatua ya 3: Toa laini moja moja, kwenye hesabu tu. Hapa nendeni polepole. Chukua laini tatu, A, B na C, zinazounganisha vituo viwili na kupitisha megawati (MW) 600. Riaktansi zake ni omu 10, 10 na 20. Uwezo wa kila moja ni MW 350. Umeme unajigawa 240, 240 na 120. Shwari.

Sasa toa A. Wengi wanajumlisha: 350 na 350 ni 700, mzigo ni 600, basi tuko salama. Sivyo! Umeme haujui hesabu yako ya kujumlisha, unafuata njia nyepesi. B inapata 400, C inapata 200. B imezidiwa kwa asilimia 14 huku C ikiwa na nafasi ya MW 150 isiyotumika.

Rudia hivyo kwa kila laini, kwa saa ya mzigo mkubwa na ya mzigo mdogo. Angalia na volteji pia.

Hatua ya 4: Panga. Zidisha uwezekano kwa madhara, yaani megawati watakazokosa wateja mara saa za kukosa. Anza na iliyo juu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, laini yenye mzigo mdogo si haina hatari?*
Hapana, ndugu. Tarehe 14 Agosti 2003, kule Ohio, Marekani, laini ya kilovolti 345 ya Chamberlin-Harding iligusa mti ikiwa na asilimia 44 tu ya uwezo wake. Nyingine zikafuata, na watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme, Marekani na Kanada. Kwa hiyo ukaguzi wa miti uingie kwenye hatua ya 2.

*Kwa nini tusipime laini mbili mbili zote?*
Gridi ya laini 200 ina majaribio 200 ya moja moja, lakini jozi ni 19,900. Chagua zinazoshiriki mnara, njia au basiba (chuma cha kituoni ambako laini hukutana), na zile ambazo kutoka kwa moja kunaielemea nyingine.

*Mwendeshaji ana muda gani wa kurekebisha?*
Mfupi. Tarehe 28 Septemba 2003 laini ya Lukmanier, Uswisi, ilijikata saa 9:01 usiku. Ile ya San Bernardino ikazidiwa, waya ukapata joto, ukashuka, nayo ikaondoka saa 9:25. Dakika chache baadaye karibu Italia nzima ilikuwa gizani. Maelekezo yawe yameandikwa kabla, tena kwa namba. Kwa mfano wetu: "A ikitoka, punguza MW 75 upande unaotuma, ongeza 75 upande unaopokea." Hapo B inabaki na 350 kamili.