Cheni ya pikipiki ya porini: mchanga, ulegevu na meno ya spoketi

Hapa Mafinga wateja wangu wengi ni watu wa mbao na wa mashamba ya chai. Wanaingia msitu wa Sao Hill, wanashuka hadi Mgololo, na mvua ikinyesha wanatoka huko na tope jekundu mpaka kwenye taa. Wengine wana Yamaha XTZ 125, wengine wana hizi za kawaida walizozifunga tairi zenye meno makubwa. Akija mtu kununua cheni, karibu kila mara ananiambia ile ya zamani ilikuwa feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nikiishika mkononi ile cheni, mara nyingi naona imeliwa na mchanga, au imekazwa mno.

Kabla hujagusa chochote, zima injini, chomoa ufunguo, weka gia huru. Kuna watu huweka gia ya kwanza injini ikiwaka, tairi linazunguka hewani, wao wameshika tambara kwenye cheni. Tafadhali sana usifanye hivyo. Spoketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, ikilidaka tambara inaondoka na vidole. Zungusha tairi kwa mkono, polepole. Kama pikipiki haina stendi kubwa, weka kipande cha gogo imara chini ya injini ili tairi la nyuma liinuke.

Tope lioshe siku hiyo hiyo, lisikaukie kwenye rola, vile vibomba vinavyozunguka kati ya bapa za cheni. Maji na brashi ya kawaida vinatosha. Ile mashine ya presha usiielekeze kwenye cheni kwa karibu, inasukuma maji na mchanga ndani ya pini. Kisha mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Petroli hapana: inashika moto haraka, na inaharibu oringi. Kujua kama cheni yako ina oringi, chungulia kati ya bapa za pembeni. Ukiona vipete vyeusi vya mpira, ndizo hizo. Kazi yake ni kuzuia grisi iliyotiwa kiwandani isitoke kwenye pini. Vikichanika, grisi ile hairudi, kwa hiyo brashi ya waya iwekee kazi nyingine.

Fungua pia kifuniko cha spoketi ya mbele. Watu hukisahau miezi na miezi, na humo ndimo tope na oili hushikana zikawa donge gumu linalosaga cheni kila inapopita.

Kuhusu kulainisha, mimi natumia oili ya gia, 80W-90. Oili chafu ya injini ndiyo mazoea ya vijiwe vingi kwa sababu ni ya bure, lakini imebeba masizi na vumbi la chuma, na sioni sababu ya kusafisha cheni halafu kuirudishia uchafu. Grisi ya kupaka kwa nje nayo inakusanya mchanga, na ukishachanganyika nayo ni msasa mtupu. Tia oili baada ya safari, cheni ikiwa bado na joto, upande wa ndani wa cheni ya chini, kwenye mwanya kati ya bapa na rola, huku ukizungusha tairi. Iache inywe, kisha futa yote iliyobaki nje. Kiangazi, vumbi likiwa jingi, huko kufuta kuna maana kuliko hata kutia.

Sasa ulegevu, na hapa naomba usome taratibu. Pikipiki ya porini ina shokapu ndefu. Uma wa nyuma, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi la nyuma, unapopanda na kushuka, umbali kati ya spoketi mbili unabadilika. Unakuwa mrefu kuliko wote pale spoketi ya mbele, bolti inayoshika uma, na ekseli ya tairi la nyuma vinapokaa kwenye mstari mmoja. Cheni inayoonekana nzuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imevutika kabisa ukipanda wewe na magunia mawili ya mkaa, ukaingia kwenye shimo. Kinachoumia hapo ni beringi ya shafti ya spoketi ya mbele, kisha sili yake inaanza kuvuja oili. Cheni nayo ikikatika kwa mbele inaweza kujikunja ikapasua kava ya injini.

Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko cha uma. Nyingi za aina hii zinaangukia kati ya milimita 30 na 45, ukisukuma cheni ya chini juu na chini katikati. Zungusha tairi upime sehemu mbalimbali, kwa sababu cheni iliyotumika hailegei sawasawa. Fuata pale ilipokaza zaidi. Ukimaliza, kalisha watu wawili mpaka vile vitu vitatu vikae mstari mmoja. Cheni lazima bado itikisike kwa kidole. Kama haitikisiki, legeza, hata kama rula ilisema sawa.

Kurekebisha: legeza nati ya ekseli, zungusha kirekebishi cha kushoto na cha kulia kwa kiasi kilekile, robo kwa robo. Alama za kwenye uma siziamini sana. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya bolti ya uma hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Kaza ekseli, pima cheni tena, halafu kagua breki ya nyuma, maana tairi limesogea.

Cheni ikichoka inarefuka. Ile ya namba 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke, pima nafasi 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259, ibadilishe. Njia ya barabarani: ishike nyuma kabisa ya spoketi kubwa, ivute kuelekea nyuma. Ikiachia nusu ya jino ionekane, imekwisha. Meno yaliyolalia upande mmoja kama ndoano nayo yamekwisha.

Badilisha cheni na spoketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa inaharibika haraka. Anayebeba mzigo milimani anaweza kupunguza jino moja mbele, kutoka 15 hadi 14. Nguvu inaongezeka karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, ila kasi ya mwisho inapungua. Klipu ya kiungio ifungwe upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakoelekea. Seti mpya ikishatembea siku ya kwanza, pima ulegevu upya, kwa kuwa mwanzoni cheni hulegea haraka.