Kabla Hali Haijabadilika: Maandalizi ya Anayeishi na Mwenzi Mwenye Baipola

Baipola ni ugonjwa wa akili ambao mara humpandisha mtu kwenye mania, yaani msisimko na nguvu zilizopita kiasi, mara humzamisha kwenye sonona, yaani huzuni nzito. Wakati wa kujiandaa ni pale mwenzi wako anapokuwa mzima: analala, anakula, anakwenda kazini, mnazungumza mkaelewana. Huo ndio wakati ambao familia nyingi hazitaki kuugusa kwa kuogopa kutonesha kidonda. Lakini makubaliano ya katikati ya mania hayashiki, kwa sababu anayepanda hajioni mgonjwa. Anajiona mzima kuliko siku zote. Naye aliyezama kwenye sonona atakubali lolote ili aachwe alale.

Hofu isiyo na mpango hugeuka upelelezi. Unamhesabia vidonge, unamkagulia simu, unamtazama machoni kila anapocheka kwa sauti. Yeye anaona, na anaanza kuficha. Mpango ulioandikwa kwa ridhaa yake unakuruhusu kuuliza bila kumvizia, na siku nyingine zote unakuruhusu kumpenda bila kumlinda kama mahabusu.

Karatasi moja inatosha. Andikeni majina ya dawa, dozi na saa za kumeza. Dawa iliyowahi kumdhuru. Kliniki na namba ya faili. Watu 2 wanaoruhusiwa kupigiwa simu hata usiku wa manane. Wachaguliwe na yeye. Kama hataki mama mkwe ajue, na anamwamini shemeji, basi ni shemeji. Andikeni pia yale unayoruhusiwa kufanya bila kumwomba tena ruhusa: kumpigia daktari, kushika kadi ya benki, kumpeleka hospitali akikataa. Muisaini wote wawili, mweke tarehe, nakala moja iende kwenye faili la kliniki.

Dalili mtakazoandika ziwe zake. Mmoja huanza kwa kuamka saa 9 usiku kufua mapazia, mwingine kwa kupigia simu marafiki wa shule ya msingi, mwingine kwa kuanzisha biashara 3 kwa wiki moja. Kwa wengi hutangulia usingizi kupungua, na hapa pana tofauti ya kuijua: aliyekosa usingizi kwa mawazo huchoka mchana, anayepanda hulala kwa muda wa saa 3 na kuamka na nguvu tele. Kubalianeni mpaka unaopimika, kwa mfano usiku 2 mfululizo wa namna hiyo, kisha mnapiga simu kliniki siku hiyo hiyo. Madaktari huhesabu siku 7 ndipo waite mania, lakini wewe huna sababu ya kuzingoja zitimie.

Usingizi uliopotea huweza pia kuchochea mania yenyewe. Kwa hiyo mkesha, zamu za usiku, safari ya basi ya usiku kucha na msiba wa kulala matanga vipangwe mapema. Anaweza kuzika na kulia na wenzake, kisha saa 4 usiku arudi kulala kitandani kwake. Mwambieni mtu mmoja wa ukoo anayesikilizwa awatetee, maana lawama zitakuja.

Siku dalili ikitokea, neno "umeanza tena" huharibu kila kitu. Tumieni neno mliloafikiana, hata liwe "tuangalie karatasi" tu. Usibishane naye kuhusu mipango yake mikubwa wala usiiunge mkono. Ongea kidogo, kwa sauti ya chini, zima televisheni, punguza wageni.

Kwenye dawa ndiko makosa mengi yanakotokea. Lithiamu ni dawa nzuri sana, ila umbali kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni mdogo. Kwa kawaida hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu, wengine hufikishwa 1.0, kuanzia 1.5 ni hatari. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, hivyo aliyemeza saa 2 usiku apimwe saa 2 asubuhi kabla hajameza nyingine. Akipimwa mapema zaidi, jibu litaonekana kubwa na dozi inaweza kupunguzwa bila sababu. Si kila maabara ina kipimo hiki, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuanza dawa. Figo na tezi ya shingo zipimwe kila miezi 6.

Lithiamu hutolewa na figo, na figo hufuata hali ya maji na chumvi mwilini. Akiharisha, akitapika, akitoka jasho jingi au akifunga bila kunywa, dawa hujikusanya kwenye damu. Ibuprofeni na diklofenaki, zile za mgongo na jino zinazopatikana kila duka la dawa, hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za presha pia. Nyumbani wekeni parasetamoli. Mikono ikitetemeka sana, akayumba kama mlevi, ulimi ukawa mzito, akatapika: asimeze dozi inayofuata na aende hospitali siku hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari tangu Shaabani, maana saa za dozi hubadilika na usingizi hukatwa na daku.

Haloperidoli, dawa ya kutuliza mania inayotumika sana kwenye hospitali zetu, inaweza ndani ya siku chache kukaza misuli: shingo inapinda, macho yanageukia juu, ulimi unatoka. Watu hudhani ni pepo, wakamkimbiza kwa mganga. Ni athari ya dawa, na hospitali huifungua kwa sindano au vidonge kwa muda mfupi. Liandikeni hili kwenye karatasi yenu kwa herufi kubwa.

Mwanamke anayeweza kushika mimba ajadili valproeti, dawa nyingine ya baipola, na daktari mapema. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Asiiache ghafla mwenyewe, abadilishiwe. Kabamazepini, nayo dawa ya baipola, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Baada ya kujifungua, wiki 2 za kwanza ndizo za hatari zaidi, kwa hiyo atafutwe mapema mtu wa kumbeba mtoto usiku ili mama alale.

Dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumpandisha. Akitibiwa kwa daktari mgeni, onyesha karatasi. Wekeni akiba ya dawa ya wiki 2, ila iwe kwako, kwenye kabati lenye kufuli.

Fedha zina aibu yake, na aibu hiyo inaweza kuvunja ndoa. Mania ya siku 10 inaweza kumaliza ada za mwaka. Akiwa mzima, mwombe mpunguze pamoja kiwango cha kutoa kwa siku, mjiondoe kwenye mikopo ya simu, na fedha za kodi na shule ziwe kwenye akaunti inayodai saini 2. Kwa Tanzania, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Lakini mnunuzi mwenye haraka hasomi sheria, basi hati ikae kwa mtu wa tatu.

Sonona huja kimya, na ndiyo inayoua. Dawa ya panya, viuatilifu vya shamba na vidonge visivyotumika tena vitoke nyumbani kabisa. Kuvipandisha juu ya kabati hakutoshi. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Kuwa karibu zaidi katika wiki za kwanza baada ya kutoka wodini, na pale nguvu zinapoanza kurudi kabla ya matumaini. Likitokea jaribio, hospitali kwanza. Tanzania bado ina kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na wengine huchelewa kwa kuogopa polisi. Dakika hizo ndizo zinazoondoa uhai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinachofanana nacho ni kinyume cha Katiba.

Safari ya hospitali ipangeni kabla. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Mirembe iliyopo Dodoma na Mathari ya Nairobi ni za kitaifa. Jueni mlango upi hufunguliwa usiku. Begi liwe na nguo za siku 3, kandambili, kadi ya bima, karatasi yenu na dawa zilizopo. Anayepanda asipakiwe bodaboda. Dereva awe anamfahamu, watu 2 wakae naye nyuma, na wasiwe wale aliogombana nao. Asifungwe kamba: huumia mikono, huvimba, na mwaka unaofuata hatakubali tena kwenda. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ya Tanzania ina utaratibu wa kumlaza asiyekubali, kwa hiyo waulizeni kliniki mapema hatua zake.

Kumpenda hakukulazimishi kupigwa. Akishika kitu cha kuumiza, toka na watoto, nenda nyumba mliyokwisha kuiafiki, kisha piga namba ya dharura 112. Funguo na nauli viwe mahali pamoja siku zote. Watoto waambiwe kwa maneno yao: baba anaumwa, ugonjwa unamfanya aongee sana, si kosa lenu, mkiogopa nendeni kwa shangazi.

Mchungaji au shehe wenu aombwe jambo moja: aombe dua, asimwambie aache dawa. Kuacha lithiamu ghafla mara nyingi huleta mania upya ndani ya wiki chache.

Akitulia, mwache apumzike wiki kadhaa kabla ya kurejea yaliyotokea. Kisha kaeni na karatasi ile ile, mkate kilichoshindikana, muongeze dalili mliyoiona safari hii, mbadilishe tarehe, na nakala mpya iende kliniki.